Kuzuru Jamaa kwa Motokaa

Kuunga jamaa ni wajibu, na hilo halihitaji kuelezwa. Lakini twawaona watu wa Mombasa watoka Jumamosi kwa motokaa zao, wapita Mariakani na Samburu, wapumzika Mackinnon Road penye msikiti wa Sayyid Baghali, wafika Voi adhuhuri. Njiani wametazama ndovu wa Tsavo. Furaha hiyo hatuiharimishi. Nia mbili zaweza kupanda motokaa moja.

Tuulizalo ni hili: mzigo wa ziara hiyo waubeba nani? Shangazi aliyeko Voi hakuarifiwa. Achinja kuku wawili, akopa mchele dukani, na kabla ya alasiri wageni washaaga, wakimbilia milima ya Taita kupunga hewa. Hakupata hata nafasi ya kusema kuwa goti lamuuma. Je, huyo ameungwa, au amepitiwa? Sisi twaona amepitiwa, tena kwa gharama yake mwenyewe.

Asiye na motokaa hana udhuru: reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 ina stesheni Voi. Na shangazi simu anayo. Apigiwe Alhamisi, aulizwe apelekewe nini.