Kiti cha Maskini

Siku moja nilikuwa nikiwasimulia wanafunzi wangu mila za Noeli za watu wa Provence, kusini mwa Ufaransa. Nilipomaliza, mmoja wao akanyosha mkono na kuuliza: "Mwalimu, huyo maskini alikuja?" Swali hilo lilinishinda pale darasani. Naomba tulitafakari pamoja, enyi walimu wenzangu.

Usiku wa tarehe 24 Desemba, wenyeji wa huko wanaoshika mila hutandika mezani vitambaa vyeupe vitatu, kimoja juu ya kingine, na kuwasha mishumaa mitatu, kwa heshima ya Utatu Mtakatifu. Kwanza huliwa chakula kisicho na nyama. Kisha huletwa vitamutamu 13, kwa ukumbusho wa Yesu na mitume wake 12. Idadi hiyo si ya kale kama wengi wadhanivyo. Ilianza kushikwa katika miaka ya 1920. Vyakula vyenyewe, hata hivyo, ni vya zamani zaidi. Pana mkate mtamu wa mafuta ya zeituni, ambao humegwa kwa mkono wala haukatwi kwa kisu. Pana halua ngumu ya lozi, nyeupe na nyeusi. Na hapana budi ziwepo tini kavu, zabibu kavu, lozi na jozi, ambazo kwa pamoja huitwa "waombaji wanne". Jina hilo latokana na mashirika manne ya watawa walioishi kwa sadaka: Wafransisko, Wadominiko, Wakarmeli na Waagustino. Kila aliyepo sharti aonje kila kitu, na vitamutamu hivyo huachwa mezani kwa siku tatu.

Zaidi ya hayo, huandaliwa nafasi moja ya ziada: sahani, bilauri na kiti, kwa ajili ya maskini atakayebisha hodi.

Hapo ndipo penye swali la mwanafunzi wangu. Ikiwa hakuna abishaye, na kiti chakaa kitupu hadi asubuhi, je, huo si unafiki? Waombaji walioko mezani ni matunda, na mwombaji mwenye njaa yuko njiani. Mtu aweza kusema: heri kiti hicho kiondolewe, kuliko kujipamba kwa wema usiotendeka.

Hoja hiyo ina nguvu, nami nilikaribia kuikubali. Lakini nikakumbuka sikukuu moja nyumbani kwangu. Mzee mmoja mwenye matambara alipiga hodi tukiwa mezani. Tulimpakulia wali na nyama, tena kwa ukarimu, tukampa sahani pale mlangoni, tukarudi kula. Alikula akiwa amechutama kibarazani. Aliposhukuru na kwenda zake, sote tuliona tumetenda jema. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kumkaribisha ndani.

Basi tazameni: wale wana kiti kisicho na mgeni, nasi tulikuwa na mgeni asiye na kiti. Ni nani kati yetu wa kumcheka mwenziwe? Chakula huondoa njaa, lakini kiti humwambia mtu kwamba yeye ni mtu. Wazee wetu walijua hayo waliposema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni ashibe tu.

Kwa maoni yangu, kiti kile kitupu ni kama deni lililoandikwa daftarini. Kuandika deni si kulilipa. Lakini alichanaye daftari hatalipa kamwe. Kiondoe kiti, na mwakani hata swali halitaulizwa.

Nilimjibu mwanafunzi wangu juma lililofuata. Nilimwambia: "Mwanangu, kwangu mimi alikuja, nami nilimwacha nje." Darasa lilinyamaza. Nadhani siku hiyo walijifunza juu ya mila kuliko siku ile ya vitamutamu 13.