Yesu alitoka naye



Leo naanza na kosa langu. Likizo iliyopita nilikuwa parokiani, Misa ya pili. Kwaya imepamba moto, spika zinanguruma, vigelegele kila upande. Mtoto wa miaka kama sita akaziba masikio, akapiga mayowe na kujitupa sakafuni. Nikamwinamia mama yake: "Mama, mtoto huyu hana adabu? Mtoe nje." Hakubisha. "Sawa, Frateri." Akambeba. Dominika iliyofuata sikuwaona. Wala iliyofuata.

Ndipo katekista akaniambia: yule mtoto ana usonji.

Jamani, mimi nimesoma falsafa! Nimeandika kurasa nyingi juu ya tofauti kati ya kitu kinavyoonekana na kilivyo. Mtihani nilifaulu. Kanisani nikafeli.

Usonji hauna gongo wala kiti cha magurudumu, ndiyo maana tunawahi kuhukumu. Si laana, si malezi mabaya, wala hauambukizi. Ni ubongo kukua kwa namna yake tangu utotoni. Kwa baadhi yao, sauti tunayoiita shangwe inaumiza kweli kweli.

Sasa fungua Marko sura ya 7. Wanamleta kiziwi mwenye shida ya kusema. Kabla ya yote, Yesu anamtenga na umati, wanabaki wawili. Hapo nikashtuka. Kumbe hata mimi nilimtenga yule mtoto na umati! Tofauti ni moja tu: Yesu alitoka naye. Mimi nilibaki ndani, nikaendelea kuimba.

Tarehe 22 Novemba 2014 Papa Fransisko alikutana Vatikano na watu wenye usonji pamoja na familia zao, akahimiza upweke wao uvunjwe. Upweke huo mara nyingine tunautengeneza sisi, tena kwa sauti ya kunong'ona.

Nilikwenda nyumbani kwao, nikapiga hodi, nikaomba msamaha. Mama akasema, "Frateri, mwanangu Misa anaipenda. Anachoogopa ni spika." Tukakubaliana: benchi la nyuma, mbali na spika, na kijana mmoja wa kukaa naye nje akizidiwa. Wamerudi mara moja tu. Bado nawasubiri.

Rafiki, wiki hii, kabla hujasema "mtoe nje", jiulize: je, niko tayari kutoka naye?

Tuombeane.