Usiuze Ng'ombe kwa Kesi ya Kuku

Keti, mjukuu wangu. Nitasema tena, na nitasema polepole, kwa sababu nimewaona vijana wengi wa hapa Gonja wakirudi na kamera za mkanda kwa shauku, kisha kamera zikapanda juu ya kabati kabla msimu wa mpunga haujageuka. Macho ya kupiga picha walikuwa nayo. Wengine waliishiwa fedha, wengine subira, na wachache walijua kipi kilitangulia kuisha.

Unataka kusafisha mwenyewe mikanda yako ya picha nyeusi na nyeupe, hapa nyumbani. Nakuunga mkono. Maabara za picha zilizobaki mijini nyingi ni za rangi, na ukimpa mtu wa rangi mkanda wako wa kawaida, dawa zake zitaondoa madini yote ya fedha, na hayo madini ndiyo picha yenyewe. Utarudishiwa utepe mtupu na risiti. Upo mkanda kama XP2 wa Ilford uliotengenezwa makusudi upite kwenye dawa za rangi, lakini wewe huna huo. Kwa hiyo kazi ni yako.

Sasa umenionyesha kile kisanduku cha vipakiti unachotaka kuagiza, Simplicity cha Ilford. Nimekitazama. Ndani mna dawa nne: ya kutoa picha mililita 60, ya kusimamisha 30, fiksa ya kukaza picha 120, na ya mwisho mililita 5 ili maji yateleze bila kuacha madoa. Unakata, unamimina, unajaza maji mpaka mililita 600, basi. Hakuna kupima na hakuna unga wa kuvuta puani. Kisanduku kinatosha mikanda 2.

Sikukatazi. Mara ya kwanza akili yako yote itakuwa kwenye vidole, unavyouzungusha mkanda kwenye rili gizani huku jasho likikutoka, na ukikosea hapo hakuna dawa itakayokuokoa. Mtu aliye katika hali hiyo asipewe mizani tena. Lipa wepesi huo mara moja. Ila ukiulipa mara ya pili na ya tatu, hapo ndipo ninapokuita uketi.

Kwa nini? Kwa sababu katika zile dawa nne ni moja tu inayokwisha kazi kweli. Dawa ya kutoa picha, ukishaichanganya, hutumika na kumwagwa, hapo sina ubishi. Ya kusimamisha unaweza kuiacha kabisa ukasuuza kwa maji safi mara mbili tatu. Ile ya kuondoa madoa, maji ya mvua uliyoyakinga vizuri na kuyachuja kwa kitambaa safi yatakufikisha karibu na palepale. Fiksa ndiyo inayonisikitisha. Lita moja ya fiksa ya Ilford, sehemu moja kwa maji manne, hukaza mikanda kama 24 kabla ya kuchoka. Kipakiti chako kinatoa mililita 600. Piga hesabu mwenyewe, wewe ndiye uliyesoma: ni mikanda 14 na zaidi kidogo. Watu wanakaza miwili, wanamwaga, wanaagiza kisanduku kingine.

Watani wetu wanasema Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Wacheke tu. Lakini nimewaona vijana wakifanya hivyo hivyo kwa upande wa pili: anabana fiksa mpaka imechoka kabisa, anaokoa shilingi chache, na mkanda alioununua ghali, wenye harusi ya dada yake ndani, unabaki na ukungu na baada ya miaka unageuka rangi ya chai. Katika kazi hii ng'ombe ni mkanda. Dawa ni kuku. Ukitaka kubana matumizi, bana kidole kinachofyatua, usibane kinachohifadhi.

Na usikisie kama fiksa imechoka, ipime. Kata kipande cha ile ncha ya mkanda iliyokwisha kuona mwanga. Kitumbukize kwenye fiksa mchana kweupe, uhesabu sekunde mpaka ukungu utoweke na kibaki angavu. Zidisha mara mbili, huo ndio muda wa kukaza mkanda wako. Andika kwenye chupa muda wa fiksa ikiwa mpya. Siku ambapo kipande kitachukua mara mbili ya muda huo, fiksa imestaafu. Jaribio hili halina gharama yoyote, na ndilo ambalo wanaoanza hawalifanyi. Nimelisema mara ngapi? Haya, nimelisema tena.

Sasa wewe umeshatoka kwenye vipakiti, umekimbilia upande mwingine. Unataka unga wa dawa ya kutoa picha, pakiti ya lita 5, kwa sababu kwa kila mkanda unatoka nafuu kuliko kitu chochote dukani. Nafuu kwa nani? Unga kama ID-11 wa Ilford au D-76 wa Kodak, ambazo ni karibu dawa moja, ukishaukoroga huishi kama miezi 6 kwenye chupa iliyojaa mpaka mdomoni na kufungwa vizuri. Chupa ikibaki nusu, hewa huila dawa mapema zaidi. Kwa tanki lako la mililita 300, ukichanganya nusu dawa nusu maji, lita 5 ni mikanda 33. Wewe unapiga mkanda mmoja kwa mwezi, na miezi mingine hupigi kabisa. Hiyo nafuu utaimwaga chooni ikiwa imegeuka kahawia. Pakiti ya lita 1, mikanda 6, miezi 6: hiyo inakutosha wewe. Igawe kwenye chupa ndogo ndogo zilizojaa, ufungue moja moja. Yule mwenye studio ya kupiga harusi kila Jumamosi ndiye wa lita 5. Bei ya dawa lazima uisome pamoja na mwendo wako.

Kama mwendo wako ni wa kobe kweli, iko Rodinal. Hii ni ya Ujerumani, imeuzwa tangu mwaka 1891, na chupa yake hukaa miaka bila kuharibika hata ikiwa nusu. Sehemu moja kwa maji 50: mililita 6 tu kwa tanki lako. Chupa ya nusu lita inakaribia mikanda 80. Chembe za picha zitaonekana zaidi, wengine hawazipendi. Mimi nazipenda kwenye nyuso za wazee. Kupima mililita 6, nunua bomba la sindano pale duka la dawa, uliandike kwa wino usiofutika kwamba ni la picha.

Tuje kwenye joto, maana hapa ndipo vitabu vinapotuacha. Vyote vimeandikwa kwa nyuzi 20, hewa ya watu wengine. Mwezi wa Februari huku Gonja Maore maji ya ndoo yakikaa kivulini bado ni ya moto, na hata ukipanda milimani, Vuje au Mamba kwenye mashamba ya tangawizi, huwezi kuwa na hakika mpaka upime. Mkanda wa HP5 kwenye ID-11 isiyoongezwa maji ni dakika 7 na nusu kwa nyuzi 20. Kwa nyuzi 24 ni kama dakika 5, na juu ya hapo unashuka chini ya dakika 5, muda ambao dawa haijaenea sawasawa na unapata mistari kwenye anga la picha. Lakini ukiichanganya nusu kwa nusu na maji, ni dakika 13 kwa nyuzi 20 na kama 9 kwa nyuzi 24. Umetumia dawa nusu na umepata muda wa kupumua. Ni mara chache nafuu na usalama hutembea njia moja, zikitembea pamoja uzifuate. Maji yako yalaze kwenye mtungi wa udongo kivulini, ufanye kazi alfajiri, na dawa zote pamoja na maji ya kuosha ziwe na joto linalokaribiana. Kipimajoto nunua kizuri. Hicho usibane.

Najua umesikia habari ya kahawa. Ni kweli, si uzushi. Mwaka 1995 wanafunzi wa Scott Williams huko Rochester, Marekani, walitoa picha kwa kahawa ya unga, ile inayoyeyuka, na soda ya kufulia, na baadaye watu wakaongeza vitamini C. Kwa lita moja: soda kavu gramu 54, vitamini C gramu 16, kahawa gramu 40, dakika 15 kwa nyuzi 20. Sisi tuna Africafe kutoka Bukoba, na wanaofanya mchezo huu husema robusta ya bei ndogo ndiyo inafanya kazi vizuri. Lakini usichukue magadi ya jikoni ukadhani ni ile soda. Magadi yetu yamechanganyika na bikaboneti na udongo, gramu 54 zake si gramu 54 za kitabuni. Ukiyakaanga kwenye sufuria kavu yanakaribia, uchafu unabaki. Jaribu kwa mkanda usio na kitu cha maana. Na kahawa haikazi picha, fiksa utainunua vilevile. Ukijumlisha kopo la kahawa na vitamini, kwa mkanda mmoja utakuwa umelipa zaidi kuliko zile mililita 6 za Rodinal. Ifanye kwa furaha, usiifanye kwa akiba.

Chupa. Tafadhali sana, mjukuu wangu. Usiweke dawa kwenye chupa ya soda yenye karatasi yake ya soda. Nyumba hii ina watoto, na mtoto mwenye kiu hasomi. Bandua karatasi, andika kwa herufi kubwa, weka juu na ufunge. Jagi la kupimia dawa halirudi jikoni. Ukikoroga unga, koroga nje, upepo ukiwa mgongoni, na usiguse kwa vidole vitupu, kwani metoli iliyomo huwavimbisha wengine ngozi.

Kuosha ndiko kunakokula maji, na wengi hufungulia bomba nusu saa. Hatuna haja hiyo. Jaza tanki, pindua mara 5, mwaga. Jaza, pindua mara 10, mwaga. Jaza tena, mara 20, mwaga. Ilford wenyewe ndio waliofundisha hivyo, na kwa mkanda uliokazwa kwa fiksa ya haraka inatosha. Ila usikuruke kuosha: mpiga picha Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio pale Zanzibar mwaka 1930, na picha za studio ile watu bado wanazitazama leo. Picha iliyoachwa na fiksa ndani yake haifiki umri huo. Kisha ning'iniza kwa vibanio vya nguo mahali pasipo vumbi wala moshi, na chini weka kibanio kingine cha kuuvuta usijikunje.

Mwisho, fiksa iliyostaafu usiimwage mferejini. Maji ya hapa yana zamu na yana wenyewe, wazee walichimba ndiva, mabwawa yetu ya kukusanyia maji, kwa mikono na hawakuzichimba kwa ajili ya dawa zako. Ile fiksa imebeba madini ya fedha kutoka kwenye kila mkanda. Tumbukiza stiliwaya ya kusugulia masufuria kwenye chupa, iache siku kadhaa, chuma kitachukua nafasi ya yale madini nayo yatatuama chini. Maji ya juu yamwage kwenye shimo mbali na mfereji na kisima. Mashapo yahifadhi, ila usipande basi la Same kwenda kumwonyesha sonara. Mikanda yako michache haitoshi pete, na nauli ya kwenda ni yako, kurudi ni yako.