Kadiri ya Mzigo

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa nafasi katika pikapu iliyotoka Mafinga kwenda Morogoro, ikivuta tela la mbao. Tela lile lilikuwa kazi ya fundi wa kuchomelea. Lilikuwa imara machoni, walakini halikuwa na breki zake lenyewe. Tulipoanza kuteremka Kitonga dereva aliacha mazungumzo, nasi tukanyamaza. Harufu ya breki zilizopata moto ilituingilia madirishani. Tulipofika Ruaha Mbuyuni aliegesha gari karibu na wauza vitunguu, akashuka, akalipiga bodi kofi la mapenzi, akasema, "Umeona, mwalimu? Gari hili halijapata kunishinda." Nikamjibu, "Nimeona, bwana," kisha nikausifu ustadi wake. Sifa ile imenisumbua tangu siku hiyo. Je, mtu avutaye mzigo uliopita kadiri, akafika salama, ametenda kosa au hakutenda?

Swali hili halijibiki kabla hatujajua kadiri yenyewe hupimwa kwa kitu gani. Wengi wetu hudhani kuwa hupimwa kwa injini: gari likiweza kuuondoa mzigo mahali ulipo na kuupandisha mlima, basi mzigo ni halali yake. Dhana hii ina kosa kubwa. Toyota Hilux nyingi za miaka hii zimeruhusiwa na mtengenezaji wake kuvuta tela la kilo 3,500 ikiwa tela lina breki. Lakini ikiwa halina, ruhusa hushuka hadi kilo 750. Gari ni lile lile na injini ni ile ile. Kilichopungua si nguvu ya kuvuta hata kidogo, bali uwezo wa kusimama. Tena mbao za misonobari, hata zikikauka vyema, huwa na uzito wa takriban kilo 500 kwa kila mita ya ujazo. Na tela letu, kwa kukisia, halikupungua mita tatu. Tulikuwa tukivuta tani moja na nusu, yaani mara mbili ya kadiri, mbali na uzito wa tela tupu.

Mlima huonyesha udhaifu wa injini kwa uwazi na bila madhara makubwa: gari huchoka, hupunguza mwendo, na dereva hushika gia ndogo. Mteremko hauonyi hivyo. Uzito ukizidi maradufu, kazi ya breki huzidi maradufu. Mwendo ukizidi maradufu, kazi hiyo huzidi mara nne, na yote hugeuka kuwa joto. Breki zikipata joto kupita kiasi, mguu hukanyaga na gari haliitiki. Katika kona, tela lisilo na breki humsukuma mvutaji wake kwa nyuma hata likamgeuza ubavu. Yaani mtumwa huwa bwana, na hakuna muda wa kujadiliana naye.

Yapo na mengine ambayo jicho halioni. Sehemu ya uzito wa tela, aghalabu kama moja ya kumi, huegemea kwenye kiungo cha nyuma ya gari. Tela la kilo 3,500 huweka hapo kilo 350, na hizo hutolewa katika shehena ambayo gari lenyewe lingebeba, abiria wakiwamo. Mwenye pikapu ya tani moja akijaza tani yake kamili na bado akafunga tela kubwa, amehesabu kitu kimoja mara mbili. Mzigo ukipangwa nyuma mno, kiungo huwa chepesi na tela huanza kuyumba. Kwa hiyo hata uzito uliomo ndani ya kadiri waweza kuua kwa kupangwa vibaya.

Nimepata kuambiwa kuwa tarakimu za kiwandani huachiwa nafasi kwa makusudi, na kwamba mjanja huitumia nafasi hiyo. Ni kweli kuwa ipo nafasi. Lakini iliwekwa kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya mvua, tairi lililokwisha, na mtoto akimbiliaye mpira. Ni akiba ya watu wasiomo garini. Wala tusidhani kuwa watengenezaji nao hawashawishiki: Marekani, kila kiwanda kilijitangazia kipimo chake mpaka chama cha wahandisi wa magari kilipotoa kipimo cha pamoja mwaka 2008, ambacho mojawapo ya majaribio yake ni kupanda mlima mrefu wa Davis Dam katika joto la Arizona. Kama wataalamu walihitaji mlima mmoja wa kuwaamua, dereva mwenye deni la mbao atajiamuaje peke yake?

Deni hilo silidharau. Safari mbili ni mafuta mara mbili, na mtu ana ada ya watoto ya kulipa. Umaskini waweza kupunguza lawama, nami sitamhukumu bwana yule kama ambavyo ningemhukumu tajiri. Hata hivyo haukuongeza breki zake. Na hatari haikumwangukia yeye peke yake, ambaye angalau angepata faida ya mbao.

Basi, kufika kwetu kulithibitisha nini? Dereva aliamini kuwa safari zake nyingi zilikuwa mashahidi wa gari lake. Mimi naona zilishuhudia jambo jingine: kwamba katika siku zote hizo hakuna aliyekatiza barabara mbele yake mteremkoni. Hazikusema lolote juu ya kama angeweza kumsimamia. Ushahidi alioutaka ulikuwa wa watu wengine, nao waliutoa bila kujua, kwa kutokuwapo tu.

Wauza vitunguu walitukimbilia siku ile huku gari likingali linajongea, wakishindana kutufikia dirishani. Mwanamke mmoja alipita mbele kabisa ya boneti, kikapu kichwani, bila kututazama. Nilinunua vitunguu vyake, na nilikuwa bado navishika mkononi nilipomwambia dereva kuwa ni hodari.