Mwandiko Unaotetemeka

Zebaki inayotumika kunasia dhahabu kwenye machimbo madogo ya Geita na Kahama ni sumu ya mishipa ya fahamu, na moja ya dalili zake ni mikono kutetemeka. Mtoto anayeshinda mwaloni, panapooshwa dhahabu, mwezi baada ya mwezi, akifikicha zebaki na mchanga kwa viganja vitupu, anaweza kufika darasani na daftari ambalo herufi zake zinapanda na kushuka nje ya mstari. Mwalimu akilisahihisha anaweza kuona uvivu, akachukua fimbo. Anaweza pia kuuona mkono. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watoto wa machimbo ya Geita, Kahama na Chunya: wanaoshuka kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, wanaoponda mawe, wanaochoma zebaki bila kinga yoyote, na wasichana wanaosumbuliwa kingono pembezoni mwa machimbo. Baadhi yao majina yao yamo kwenye rejista ya shule, na yanaitwa kila asubuhi.

Je, mwalimu aliyeona uvivu kwa kuwa hakuna aliyemfundisha kuona kitu kingine, ana kosa? Tumezoea kumsamehe asiyejua. Lakini mtoto tunamwita amana, Waislamu kwa Wakristo, na neno hilo lina masharti yake. Katika fiqhi, aliyewekewa amana halipi ikipotea pasipo uzembe wake; akizembea, analipa. Kwa hiyo lazima tuulize ni lini kutojua kunageuka kuwa uzembe. Naona hugeuka pale ambapo elimu ipo, mtu ameshaipokea amana, na hakuna aliyejishughulisha kuitafuta elimu hiyo. Wa kwanza kudaiwa ni aliyemwajiri mwalimu na kumpeleka kwenye machimbo ya Nyarugusu, Geita, bila kumwandaa. Mwalimu mwenyewe ni wa pili. Kwa maana hiyo mafunzo ya kutambua ukatili si hisani ya mfadhili, yasubiri fedha za mradi zipatikane. Ni sehemu ya kuipokea amana yenyewe.

Na elimu ipo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009, uliochapishwa 2011, ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, na kwamba karibu nusu ya wasichana hao hawakumwambia mtu yeyote. Mkoa wa Shinyanga, katika takwimu za 2010, ndio ulioongoza nchini kwa ndoa za utotoni: asilimia 59 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya 18. Ila utafiti ule ule wa 2009 una jambo jingine ambalo semina nyingi hulipita haraka. Zaidi ya nusu ya vijana walioulizwa walisema waliwahi kupigwa na mwalimu, kwa ngumi, mateke au viboko. Tunamwomba mtoto amweleze siri ya kupigwa mtu ambaye naye humpiga. Ndiyo maana mafunzo yanayoorodhesha dalili na kuiacha fimbo ubaoni yatakosa kitu cha kutambua, kwa sababu mtoto atakuwa amenyamaza.

Hapa, ili kuitetea fimbo, hutajwa Mithali za Sulemani, na wahenga nao na samaki wao wa kukunjwa angali mbichi. Sihitaji kumaliza ubishi huo wa maandiko ili kujibu. Dini zote mbili zinakubaliana kwamba kumwadhibu asiye na hatia ni dhuluma, na kwamba hukumu hutanguliwa na uchunguzi. Hata kanuni za serikali za 2002, zinazoruhusu viboko visivyozidi vinne, zinadai vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyepewa naye idhini kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Mtoto anayechapwa kwa mwandiko wa mkono wenye sumu hakuchunguzwa na yeyote. Anayetetea fimbo kwa ajili ya haki anapaswa kuwa wa kwanza kudai mafunzo. Kwa wanaodai kuwa mwalimu habadiliki kwa semina, lipo jaribio lililofanywa na Mabula Nkuba na wenzake katika sekondari za serikali nchini, na kuchapishwa 2018: baada ya mafunzo ya siku chache tu, kupiga kulipungua, na wanafunzi wenyewe walishuhudia hivyo.

Uonevu wa watoto kwa watoto ni mgumu zaidi kuutambua Usukumani, kwa sababu huvaa kanzu ya utani. Wasukuma ni watu wa utani, na utani ni jambo jema. Una adabu zake, na adabu ya kwanza ni kwamba anayetaniwa ana haki ya kurudisha, naye akirudisha hakuna anayenuna. Hicho ndicho kipimo ambacho mwalimu anaweza kukitumia uwanjani bila kitabu. Mtoto mwenye ualbino akiitwa "dili", atarudisha nini? Shinyanga ni mkoa ambao watoto kama yeye ilibidi wakusanywe kwenye kituo cha Buhangija, mjini Shinyanga, wapate usalama, kwa sababu wenzao waliwindwa kwa ajili ya viungo vyao. Neno hilo linamwambia bei yake. Mwalimu anayelisikia akacheka pamoja na darasa ameshatoa hukumu mbele ya watoto wote.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote linatoka kwa walimu wenyewe. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa, na Geita darasa la zaidi ya mia si ajabu. Nani ataona mikono mia? Kweli, hataiona yote. Lakini rejista huonyesha nani hupotea siku ya gulio, na nani hupotea kila dhahabu inapolipuka mahali papya. Pingamizi la pili ni zito zaidi: akishaona, afanye nini, ikiwa mwenye chumba alichopanga ndiye mwenye karasha ya mawe anakofanya kazi mtoto huyo? Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 95, inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa aipeleke serikali za mitaa, na simu 116 ni ya bure. Lakini wilayani Luwero, Uganda, watafiti walipowahoji watoto 3,706 wa shule, 529 walipelekwa kwenye vyombo vya ulinzi wa mtoto, na 20 tu ndio waliopata huduma iliyotosheleza. Ndiyo maana semina yoyote ya Geita isiwe ya walimu peke yao. Mtendaji wa kata, afisa ustawi wa jamii na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto wakae benchi moja nao, na kila mmoja atoke na namba ya simu ya mwenzake, ili mwalimu atakayeona mkono unaotetemeka siku ya Jumatatu ajue nani wa kumpigia kabla kengele ya mapumziko haijalia.