Punda Afe, Mzigo Ufike?

Uchovu wa dereva ni kulegea kwa mwili na akili kunakotokana na kukosa usingizi au kuendesha kwa muda mrefu bila kupumzika, hadi macho yanaitazama barabara ilhali akili haiioni. Katika mji wa Kimilili, Kaunti ya Bungoma, jambo hili linagusa riziki za wengi. Mazao ya mashambani hushuka kutoka miteremko ya Mlima Elgon upande wa Kapsokwony. Mahindi hutoka Trans Nzoia. Bidhaa za madukani huingia kwa lori na pikapu kupitia Kamukuywa, kwenye barabara ya Webuye na Kitale, na bodaboda humalizia safari hadi mlangoni kwa mteja. Wako madereva wanaoondoka kabla ya jogoo kuwika na kurudi watoto wamekwisha kulala.

Kazi ya namna hii ina msemo wake: punda afe, mzigo ufike. Ndani ya msemo huo mna swali la kale la dini na falsafa: je, pumziko ni zawadi ya aliyemaliza kazi, au ni haki ya mtu hata kazi ikiwa haijaisha?

Mwili una jibu lake. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hupungukiwa na uwezo sawa na mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu. Anayesinzia kwa sekunde 3 tu, gari likienda kilomita 80 kwa saa, husafiri takriban mita 67 bila kuliongoza. Miraa na kahawa huahirisha usingizi, lakini deni la usingizi hulipwa kwa kulala tu.

Torati nayo inajibu waziwazi. Katika Kutoka 20, amri ya Sabato inategemezwa juu ya Mungu aliyeumba ulimwengu kisha akapumzika. Katika Kumbukumbu la Torati 5, sababu ni nyingine: Waisraeli wakumbuke kwamba walikuwa watumwa Misri, basi mtumishi wao naye apumzike kama wao. Wanaotajwa katika amri hiyo ni pamoja na mgeni, ng'ombe na punda. Punda ambaye msemo wa barabarani unamtoa mhanga, amri inampa siku yake.

Uislamu unafundisha kwamba mwili una haki juu ya mwenyewe. Sura An-Nabaa inautaja usingizi kuwa ni mapumziko aliyoyaweka Mungu, na msafiri amepewa nafuu ya kufupisha sala na kuahirisha saumu. Ikiwa ibada yenyewe inamhurumia msafiri, ratiba ya mizigo haina hoja ya kumnyima huruma hiyo.

Kanisa la Marafiki, lililoanza kazi Kaimosi mwaka 1902 na kuenea hadi eneo la Bungoma, linaongeza jambo lingine. Marafiki wa awali walifundisha kwamba hakuna siku iliyo takatifu kuliko nyingine. Kwa mtazamo huo, dereva anayefanya kazi Jumapili hajapoteza haki ya kupumzika. Anastahili kuipata siku nyingine. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inakwenda njia hiyohiyo: inampa mwajiriwa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, bila kusema ni ipi. Sheria ya Trafiki nayo inakataza gari la abiria au la biashara kuendeshwa na mtu mmoja kwa zaidi ya jumla ya saa 8 katika kila saa 24.

Linabaki swali la lawama. Dereva akisinzia na kumgonga mtu, kosa ni la nani? Mafundisho ya Kiislamu yanasema aliyelala haandikiwi dhambi hadi aamke. Aristotle, kwa upande wake, alisema mlevi analaumiwa kwa sababu kulewa kulikuwa katika uwezo wake. Mafundisho hayo mawili yanapatana: dereva haulizwi kuhusu sekunde aliyosinzia, huulizwa kuhusu saa aliyowasha injini akijua amechoka.

Lakini uwezo wa kukataa haulingani kwa wote. Mwendeshaji wa bodaboda anayepaswa kumkabidhi mwenye pikipiki kiasi maalumu kila jioni, kabla hajapata chochote cha kwake, hana nafasi sawa na mwenye chombo chake. Dereva wa lori anayelipwa kwa kila safari hukatwa mapato kila anapopumzika. Hapo sehemu kubwa ya lawama inahamia kwa aliyepanga hesabu hiyo, na sehemu nyingine kwa mteja anayetaka mzigo leo ilhali kesho ungemfaa vilevile.

Kwa hiyo pumziko ni haki inayotangulia kazi, na anayeitoa hafanyi hisani. Mwenye gari apange safari kwa kuhesabu saa za kulala kabla ya kuhesabu magunia, na mteja akubali kusubiri. Mzigo uliochelewa utafika kesho. Aliyekufa barabarani harudi.