Mkaa Kabla ya Rangi

Vijana wetu wa Gongoni walipotaka kuchora picha ya kutundika katika ukumbi wa kanisa, tulichagua njia ya kwenda Kwihara na miembe yake mikubwa. Kabla ya kugusa rangi, tulichora kwanza kwa mkaa. Ukikunja macho kidogo, majani na matawi hupotea. Yanabaki mambo matatu tu: anga nyeupe, vumbi linalong'aa, na kivuli kizito chini ya miembe. Ukikosea hapo, rangi haitaiokoa picha.

Kivuli hicho ndicho kilichotuletea mjadala. Katika karne ya 19 misafara ya kati ya Ujiji na pwani ilipita Tabora. Walikuwamo wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu kwa ujira, na walikuwamo watu waliofungwa minyororo. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Tanganyika mwaka 1922 tu. Baadhi yetu tulisema, tuchore jua na miembe inatosha. Ya nini kutonesha vidonda, ikiwa huenda katika benchi moja wameketi vitukuu vya waliofungwa na vya waliofunga?

Hoja hiyo ina upendo. Lakini tutasameheanaje tusilolitaja? Livingstone mwenyewe, aliyepinga biashara ya watumwa, mwaka 1872 aliishi Kwihara katika tembe la wafanyabiashara Waarabu, akingoja wapagazi. Mwanga na giza havikugawana nyumba, wala havigawani mioyo yetu.

Hata hivyo, tusiseme kwamba uovu ulihitajika ili wema uonekane. Mchoraji hakiumbi kivuli, anakiri kilipo. Kivuli hakiwezi kuwapo pasipo jua, bali jua lilikuwapo kabla ya mwembe. Mungu hakuhitaji mnyororo shingoni mwa mtu ili utukufu wake ung'ae.

Basi tulikiacha kivuli kizito kama kilivyo. Hatukuchora minyororo, anayeijua njia ile ataelewa, na mtoto atakayeuliza atajibiwa kweli. Hivyo ndivyo tufanyavyo pia katika ibada: maungamo hutangulia, kisha tunasikia neno la msamaha.

Ndugu msomaji, nawe una picha unayoitengeneza, ya nyumba yako au ya maisha yako. Usikimbilie rangi. Kunja macho, utazame giza liko wapi, ulichore mahali pake, wala usilizidishe. Kisha mwachie Bwana nafasi ya mwanga.